Walikuwa na Bunduki, Wakakosa Sauti

Wazee wetu wa utangazaji, shikamooni. Wahariri, walimu wa uanahabari, na ninyi vijana mnaoanza kazi ya maikrofoni, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtangazaji wa habari za siasa hapa Nairobi. Nadhani walionialika walitaraji nisimulie ya kwangu. Ya kwangu ni machache, na yale matamu zaidi wahusika wake bado wako hai na wana mawakili. Kwa hiyo nitamzungumzia mtu ambaye wengi wenu mmewahi kumwigiza sauti, pengine bila kujua mnamwigiza nani: marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84.

Naona wengine mnatazamana. Mambo Mbotela si alikuwa mtu wa mpira? Si ndiye aliyekuwa akituuliza kila Jumapili kama huu ni uungwana? Siasa imeingilia wapi? Subirini. Siasa haikumngoja aifuate. Ilimfuata yeye hadi mlangoni kwake, mtaa wa Ngara hapa Nairobi, kabla watu hawajaamka, nayo ilikuwa imebeba bunduki.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa vyeo vya chini wa Jeshi la Wanahewa, kinara wao akiwa Hezekiah Ochuka, walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Miongoni mwa mahali pa mwanzo walipopateka ni kituo cha Sauti ya Kenya, chombo cha utangazaji cha serikali, pale Barabara ya Harry Thuku, jirani na Hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu cha Nairobi. Hebu ifikirieni hali yao saa ile. Silaha wanazo. Studio wanayo, mitambo inawaka, maikrofoni iko mezani. Tangazo lenyewe ni sentensi chache tu. Askari yeyote aliyemaliza darasa la saba angeweza kulisoma. Lakini wao wenyewe waliona halitatosha. Wakaenda Ngara kumchukua Mbotela, ili aje alitangazie taifa kwamba serikali imepinduliwa.

Akatangaza. Ni nani kati yetu hapa angekataa, mtutu ukiwa kisogoni?

Siku hiyo hiyo wanajeshi watiifu kwa serikali, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahamoud Mohamed, walikikomboa kituo. Na walipokwisha kukikomboa, walimtaka nani? Mbotela yule yule. Sasa awaambie Wakenya kwamba serikali ya Nyayo, yaani ya Moi, ingalipo. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa mwaka 1987. Mbotela alirudi kazini kwake.

Kisa hiki kimesimuliwa miaka mingi kama kisa cha hofu, na mwenyewe alikisimulia mara nyingi kila alipoulizwa. Mimi kinanishughulisha kwa sababu nyingine. Pande mbili zilizokuwa zikiuana zilikubaliana jambo moja tu siku ile: kwamba Mkenya hataamini mpaka amsikie Mambo. Basi swali langu la leo ni hilo. Imani ile aliitoa wapi? Maana hakuipata kwenye siasa, na ninyi mlioniketia hapa mbele ndiko mnakodhani mtaipata.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1940, mtoto wa Freretown. Asiyeijua Freretown, ni makao yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ukoo wa Mbotela ni wa watu hao, na asili yao ni upande wa Malawi ya leo. Pale Freretown palitundikwa kengele, ikawa inagongwa kuwaonya watu jahazi la watumwa likionekana. Ndiyo maana hadi leo ukipanda matatu ya kwenda pwani ya kaskazini utasikia utingo anaita Kengeleni. Mimi husema kengele ile ndiyo taarifa ya habari ya zamani zaidi tuliyo nayo: ina habari moja, ni ya kweli, na inahusu roho yako. Ingelia mara mbili tatu bila jahazi lolote kuonekana, nani angekimbia tena?

Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Mwaka huo si wa kupita tu. Redio hapa kwetu ilianza mwaka 1928, ikiwahudumia walowezi wa Kizungu. Runinga ikaja mwaka 1962. Serikali mpya ya uhuru ilipoketi, haikuona sababu ya kukiacha chombo kama kile mikononi mwa watu wengine. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likafanywa idara ya Wizara ya Habari, likaitwa Sauti ya Kenya, na hali ikabaki hivyo hadi mwaka 1989 lilipofanywa tena shirika, hii KBC tunayoijua. Kwa hiyo kijana yule wa Freretown aliajiriwa na mtu ambaye ndiye aliyekuwa habari ya kwanza kila siku ya Mungu.

Ninyi mliozaliwa baada ya mwaka 2000 hamkuisikia taarifa ile ya enzi ya chama kimoja, hivyo niwaeleze ilivyopangwa. Habari ya kwanza ilianza na maneno "Mtukufu Rais". Habari ya pili aghalabu ilianza na maneno hayo hayo. Akienda kanisani, taarifa ilikwenda naye kanisani. Akisimamisha msafara sokoni akanunua ndizi, tulielezwa. Mafuriko, ajali ya basi, bei ya unga, hayo yangoje Mtukufu Rais amalize ziara yake. Kisha mawaziri kwa ngazi zao, kila mmoja akiwahimiza wananchi wadumishe amani, upendo na umoja. Mhariri wa siku zile hakuhitaji kuumiza kichwa kuhusu nini kiwe juu na nini kiwe chini. Kazi yake ngumu ilikuwa vyeo. Ukiruka cheo cha mkubwa, ungekuja kuulizwa.

Taarifa ya saa saba mchana ilikuwa na heshima yake ya peke yake, kwa sababu ndimo mawaziri walimopata kujua kama wangali mawaziri. Mtu ameondoka nyumbani na bendera kwenye gari, amekwenda kufungua mkutano huko mashinani, na saa saba redio inamwambia yeye na taifa zima kwa pamoja kwamba wadhifa wake amepewa mwingine. Wazee mliopo hapa mnacheka kwa sababu mnawakumbuka kwa majina. Tusiwataje. Lakini mfikirieni msomaji aliyekuwa na karatasi ile mkononi dakika chache kabla ya saa saba, anajua jambo ambalo waziri mwenyewe hajui, na hana la kufanya ila kukohoa pembeni, kuweka koo sawa na kusoma.

Wasomaji wale walikuwa mahodari, nami sitaki mtu aondoke hapa akidhani nawadharau. Kiswahili chao kilinyooka. Wengi wetu tumejifunza kutamka kwa kuwasikiliza. Lakini jioni ikifika, mzee nyumbani alizungusha kitufe cha redio polepole, kelele za masafa mafupi zikavuma, mpaka akaipata Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ili London imweleze kilichotokea Nairobi. Msomaji wa Harry Thuku alipendwa na kusifiwa. Kuaminiwa ni jambo lingine.

Sasa mtazameni Mbotela kwenye kibanda cha watangazaji, Gor Mahia wanacheza na AFC Leopards. Maelfu wamejaa uwanjani, na wengine wao wameshika redio ndogo sikioni, kwa sababu mchezo haukunoga bila ya kumsikia Mambo akiutangaza. Akisema mpira umepaa juu ya mwamba wakati ulipita pembeni, yule jamaa wa jukwaani anasikia na kuona kwa wakati mmoja, na atamzomea pale pale. Goli lina mashahidi. Hakuna afisa wa wizara atakayempigia simu kumwambia kwamba kuotea kule asikutaje mpaka kesho. Wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, mtu huyu alitangaza mambo ambayo msikilizaji angeweza kuyahakiki papo hapo, na akayatangaza yalivyokuwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo shule ya uanahabari aliyosomea, na ilikuwa bora kuliko nyingi zenye vyeti.

Halafu kile kipindi chake. Je, Huu ni Uungwana? kilianza mwaka 1966 na kikadumu zaidi ya nusu karne. Mtu anaruka foleni. Mtu anakula ndizi ndani ya basi, ganda analirusha dirishani. Mtu anaalikwa harusini peke yake, anakuja na ukoo mzima. Mambo madogo madogo kama hayo, halafu lile swali, kwa sauti ya mshangao wa mtu aliyefedheheka kwa niaba yako.

Wapo watakaosema kipindi kile kilimkemea mwananchi mnyonge na kuwaacha wakubwa walale. Sibishi sana. Ni kweli wakubwa hawakuwahi kuwa kwenye foleni ile. Mwezi Juni 1982 Bunge liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria kwa kifungu cha 2A, na sidhani kuna mtangazaji wa redio ya serikali ambaye angethubutu kuuliza hewani kama huo ulikuwa uungwana. Kila mtangazaji wa zama zile alitafuta kiwanja ambacho angeweza kusema kweli bila kufukuzwa. Wengine walikipata kwenye salamu na muziki. Yeye alikipata kwenye mpira na adabu. Ila msikilizaji wa kipindi kile aliweza kutoka nje, akafika kituo cha basi, na kuyaona yote aliyoambiwa. Taarifa ya habari haikumpa nafasi hiyo.

Hapo ndipo hazina ilipojazwa. Nami naamini waasi wa 1982 walilijua hilo kuliko sisi wenye shahada. Hawakutafuta sauti iliyozoeleka tu kwa "Mtukufu Rais". Walitafuta sauti ambayo mtu wa Kaloleni na mtu wa Kibera waliwahi kuipima wenyewe, wakaiona haina kasoro.

Nawaambia haya kwa sababu najua kwa nini mnataka kipindi cha siasa. Kipindi cha siasa kina suti. Kina mheshimiwa anayekuita kwa jina la kwanza, kina namba za simu ambazo watu wengine hawana, na msongamano wa magari Barabara ya Thika hauumi sana unapojua kuna mbunge anakungoja studio. Ripoti ya bei ya sukuma wiki soko la Wakulima, au maji yaliyokatika Eastleigh, mnawaachia wanagenzi. Mnakosea. Wale wanagenzi ndio wanaoweka akiba, ninyi mnaitumia.

Nimekaa meza ya habari ya Kiswahili muda wa kutosha kujua simu ya jioni inavyoanza. Msaidizi wa mheshimiwa hapigi kugombana. Anakusalimia, anauliza hali ya watoto, anakupongeza kwa taarifa ya jana. Halafu: "Kaka, ile ya mkubwa ya leo pale kanisani, mmeiweka wapi?" Hakuulizi kama mmeiweka. Anajua imo. Anataka kujua kama iko juu ya ile ya mpinzani wake. Nilipokuwa kijana nilidhani ni upuuzi wa kutafuta sifa. Baadaye nikaelewa kwamba anachonunua ni mpangilio, kwa maana msikilizaji akisikia jambo likiwa la kwanza kutoka kwa sauti anayoiamini, hushika kwamba ndilo kubwa. Hahitaji kubadilishiwa hata neno moja.

Na kuna ile bahasha ya baada ya mkutano na wanahabari, hapa hapa hotelini mjini. Inaitwa nauli. Mtu amekuja na gari la kampuni, lenye dereva wa kampuni na mafuta ya kampuni, anapewa nauli. Yatosha kuhusu hilo. Kila aliye hapa analijua, na baadhi yenu mnatazama viatu.

Miaka ya 1990 nitaipitia haraka, si kwa kuwa haina uzito, bali kwa kuwa ninyi wenyewe mnaisoma darasani. Runinga ya KTN ilianza mwaka 1990, na Catherine Kasavuli, aliyekuwa ameanzia redio ya Sauti ya Kenya mwaka 1980, akawa uso wa taarifa yake. Alifariki Desemba 2022, na mliona jinsi nchi ilivyomlilia. Kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Capital FM ikaja mwaka 1996, kisha stesheni za watu binafsi zikamiminika, Kameme ikafungua mlango wa lugha za mama mwaka 2000, na mzee hakuhitaji tena kuizungusha redio yake hadi London.

Lakini tarehe 30 Desemba 2007 sitaipita haraka. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alitangaza matokeo ya urais ndani ya jumba la mikutano la KICC mbele ya kamera za KBC peke yake. Wanahabari wengine walikuwa wametolewa nje. Jioni hiyo hiyo Mwai Kibaki akaapishwa Ikulu, giza likiingia. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Itazameni hali hiyo kwa jicho la kazi yetu. KBC ilikuwa na picha ambayo hakuna kituo kingine duniani kilichokuwa nayo. Mtangazaji yeyote angetamani kuwa na habari kama hiyo peke yake. Na sehemu kubwa ya nchi haikuiamini hata kidogo. Waliokuwa na maikrofoni na mitambo na mnara siku ile walikosa kile kile walichokosa Ochuka na wenzake, na safari hii hapakuwa na mlango wa kubisha Ngara, kwa kuwa sauti ambayo pande zote mbili zingeikubali haikuwepo tena. Tulikuwa tumezigawa. Kila mrengo ulikuwa na stesheni yake, kila jamii ilikuwa na mtangazaji wake, na kila mtangazaji aliaminiwa na watu wake tu.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi ule, ilihesabu vifo 1,133. Iliitaja redio, hasa za lugha za mama, kwa namna ambayo kila mtu wa kazi hii anapaswa kuisoma mwenyewe. Na mwenzetu mmoja, Joshua arap Sang wa Kass FM, alijikuta kizimbani The Hague pamoja na William Ruto, mwanasiasa ambaye leo ni rais wa nchi. Kesi yao ilisitishwa Aprili 2016, mahakama ikiona ushahidi haukutosha kuiendeleza. Simtaji ili kumhukumu. Namtaja ili yule anayedhani kipindi cha asubuhi ni porojo ajue kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliwahi kukipima kipindi cha asubuhi cha hapa Kenya mbele ya majaji.

Wakubwa wetu wa siku hizi wana imani tofauti na ya waasi wa 1982. Wao wanaamini nguvu iko kwenye mnara. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo chake cha "Rais wa Wananchi" Uhuru Park, runinga za NTV, KTN na Citizen zilizimwa. Wanahabari Linus Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu wakalala ofisini wakihofia kukamatwa wakitoka. Mahakama Kuu iliagiza vituo virudishwe. Hata hivyo Citizen ilikaa zaidi ya wiki moja bila kurejea. Tarehe 25 Juni 2025, vijana waliporudi barabarani kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ikakataza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, na vituo kadhaa vikazimwa, NTV na KTN vikiwemo, mpaka mahakama ilipoingilia kati siku hiyo hiyo.

Watazamaji walifanya nini? Walihamia kwenye simu. Mtangazaji waliyemwamini walimfuata huko, na yule ambaye hawakumwamini wala hawakujua amezimwa. Askari wa Ochuka waliushika mnara wakatambua ni chuma tu. Inashangaza kwamba miaka arobaini na zaidi baadaye bado kuna watu wazima wenye ofisi kubwa wanaoparamia chuma.

Hatari mpya ni nyingine, na inawahusu ninyi kuliko sisi tunaostaafu. Siku hizi hakuna haja ya kwenda Ngara kumwamsha mtu. Sauti ya mtangazaji inanakiliwa na kompyuta, inasomeshwa tangazo ambalo hajawahi kuliona, inapachikwa nembo ya kituo chake na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajamaliza chai. Zamani angalau Mbotela alijua kwamba ametekwa.

Kuna wengine ambao hawakutekwa wala kunakiliwa. Waliondoka kwa miguu yao. Raphael Tuju alisoma habari za runinga, baadaye akawa mbunge na waziri. Naisula Lesuuda alitoka kwenye skrini akaingia Bunge. Gathoni wa Muchomba alitoka redioni. Mohamed Ali alitutisha na Jicho Pevu, kipindi chake cha upekuzi, kisha watu wa Nyali wakampa kiti mwaka 2017. Kanze Dena, sauti ya Kiswahili ya jioni, alikwenda Ikulu kuwa msemaji mwaka 2018. Hussein Mohamed, aliyewahoji wanasiasa kwa makini sana, naye akaenda huko mwaka 2022. Ni haki yao, Katiba inawaruhusu, na mishahara yetu tunaijua. Ninachoomba ni kimoja tu: kama unajua mwakani unagombea, usiendelee kutuhojia wagombea mwaka huu. Huo, kwa maneno ya marehemu, si uungwana.

Na kabla sijasahau, lugha. Kila jioni nasikia kwamba joto la kisiasa linazidi kupanda. Limepanda tangu nikiwa kijana. Lingekuwa joto la kweli tungekuwa tumeiva sote. Mheshimiwa fulani kila mara amerusha cheche, amemtupia mwenzake vijembe, ametetemesha ngome ya fulani. Nikimaliza kusikiliza taarifa nzima sijui alisema nini, alisemea wapi, na kama alichosema ni kweli. Mbotela asingewahi kutangaza kwamba uwanja una joto akaacha kutuambia nani ana mpira.

Niwapeleke kwenye jambo litakalowafika hivi karibuni. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti yake, vituo 46,229, kila Mkenya mwenye bando aweze kuzitazama. Lilikuwa jambo kubwa. Kila chombo kikaketisha vijana na kompyuta, wakaanza kujumlisha. Ikafika saa ambapo ukibadilisha runinga unambadilisha anayeongoza: hapa Ruto, kule Raila, fomu zikitoka tovuti ile ile. Kila chombo kilikuwa kimeanza na fomu tofauti, na wachache sana walijitolea kumweleza mtazamaji hivyo. Kisha hesabu zikaanza kupungua kwenye skrini, nyingine zikatoweka kabisa bila maelezo, na wananchi wakabaki wakisubiri tangazo la tume kutoka Bomas hadi tarehe 15 Agosti, kila mmoja akiwa na tarakimu ya stesheni aipendayo.

Jumanne ya pili ya Agosti 2027 baadhi yenu mtakuwa hewani usiku huo. Hakuna atakayewawekea mtutu kisogoni. Mtawekewa skrini yenye tarakimu mbili zinazokimbizana. Ni kama mpira tu. Tofauti ni kwamba uwanja hauonekani, kwa hiyo kila kinachouonyesha uwanja lazima mkiseme kwa kinywa. Semeni ni fomu ngapi kati ya ngapi. Semeni zimetoka kaunti zipi, na zipi hazijatuma hata moja. Kama zilizoingia kwanza ni za ngome ya mgombea mmoja, semeni hivyo, na mrudie kila mnapotaja tarakimu, hata kama mliisema dakika tano zilizopita, kwa sababu kuna mtu amefungua redio sasa hivi ndani ya matatu pale Githurai na amesikia nusu ya pili tu. Kama jumla ni yenu na si ya tume, semeni ni yenu. Fomu mkiiona ina kasoro, isomeni ilivyo na mtaje kituo.

Itawachosha. Nyuma ya kioo mkurugenzi wa kipindi atakuwa anawapungia mkono mwende haraka, kwa sababu stesheni ya jirani tayari ina mshindi. Mwacheni apunge, mmalize kusoma orodha ya kaunti.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Naambiwa tuna muda wa maswali, na naona mikono imeshaanza kuinuka huko nyuma.